Vifungo

Koti la mama lilikuwa la kijivu, zito kama gunia la unga,
na majira yale ya baridi lilibakiwa na kifungo kimoja,
cha juu kabisa, kile kinachokaba shingo.

Tukaenda dukani, mtaa wa reli,
mimi na yeye. Nina miaka minane,
theluji imegandia viatu mpaka tunatembea kama bata.
Foleni ndefu, wanawake wananuka kabichi na sabuni.
Zamu yake ilipofika mama alinyoosha vidole vitano
akasema, kwa sauti aliyokuja nayo kutoka Kobelyaki:
gudziki. Vitano. Vyeusi kama vipo.

Muuzaji hakuinua macho.
"Sema kibinadamu."

Basi. Hakufoka, hakutukana.
Alisema kama mtu anayekwambia funga mlango, baridi inaingia.
Nyuma yetu mmoja akacheka, mwingine akapokea,
kicheko kikapita mkono kwa mkono kama chenji
kikanifikia.
Nami nikacheka.

Mstari huo nimeuandika mara tatu,
nimeufuta mara mbili.

Lile neno lao mama alilijua. Alilitumia kiwandani
kutwa nzima, ndani ya moshi wa matairi,
akilivaa kama ovaroli na kulivua getini.
Siku ile ulimi uligoma tu, kama punda.
Alirudisha vidole mfukoni, kimoja kimoja,
tukatoka.
Mpaka mwezi wa tatu alifunga koti kwa pini.

Sasa sikiliza. Gudziki huanza na g
ambayo haikuwemo katika kitabu changu cha kusomea.
Babu Yukhym alinichorea kwa kijiti cha kiberiti, kwenye majivu:
mstari wima, mwingine umelala juu yake,
na pembe ndogo mwishoni, imechomoza
kama sikio la mbuzi aliyeshtuka.
"Hii waliifunga," akasema. "Mwaka wa thelathini na tatu."
Nikauliza kosa lake.
"Kwao haipo."
Kifungo cha miaka hamsini na saba
kwa herufi moja inayoanzia neno kifungo.
Mwaka huo huo babu alizika ndugu wanne kwa njaa.
Hilo hakulichora.

Septemba iliyofuata mama alitia sahihi karatasi:
mtoto asamehewe somo la Kiukraini.
Asamehewe. Ndivyo ilivyoandikwa,
kana kwamba nilizaliwa na hatia.
Saa ya somo nilikaa koridoni nikila mbegu za alizeti,
nikijiona mwenye bahati,
na siku ya wazazi nikamvuta mkono wa blauzi:
mama, usiongee, nitaongea mimi.

Hakuongea.

Ni lugha tamu, walikuwa wakisema watu wa mjini,
ya nyimbo, ya maandazi, ya vichekesho vya walevi.
Lakini hesabu? Lakini uhandisi?
Mama alihesabu pini zake kwa lugha hiyo hiyo
kila asubuhi, kwenye giza, ili asiniamshe.
Hazikupungua hata moja.

Binti yangu Solomiya yuko Wroclaw tangu vita.
Juzi alinipigia akiwa ndani ya tramu;
mzee mmoja akamwambia apunguze hiyo lugha yake.
Nikamuuliza: apunguze kwa kiasi gani?
Akacheka. Kicheko cha bibi yake,
ambacho mimi nilikisikia mara chache mno.
Aliendelea kuongea nami mpaka kituo cha mwisho,
habari za viazi, habari za jino.

Koti ninalo. Mama halihitaji tena.
Mwezi uliopita nilikwenda sokoni, kwa kijana mwenye meza ya nyuzi na zipu,
nikanyoosha vidole, nikalisema neno,
ile g nikaitamka yote, na pembe yake.

Hakuinua macho.
"Vitano tu?"

Nilisimama pale kama mjinga, mkono umenyooka,
nikisubiri mtu acheke.